Moyo wa Mbuzi Darasani: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Mifumo ya Mwili kwa Walimu wa Kusini

Mwulize mwanafunzi wa Kidato cha Tatu sehemu za moyo, atakutajia zote kwa mpangilio bila kuvuta pumzi. Mwulize kwa nini ukuta wa upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, atatazama dari. Amemeza notisi, mchoro anaufahamu, lakini damu yenyewe hajui inatoka wapi na inakwenda wapi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Baiolojia aliyeko Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi, Nachingwea, Ruangwa, Liwale au Kilwa, mwenye darasa la wanafunzi sitini au zaidi, na maabara ambayo kabati lake limefungwa na mwenye ufunguo amesafiri. Vifaa vingi nitakavyovitaja vinapatikana buchani, dukani, jikoni na duka la dawa.

Njia yenyewe ni nyepesi. Kila mfumo wa mwili una kitu kinachosafiri: chakula, hewa, damu, maji, taarifa. Shika hicho kitu, mfuatishe mwanafunzi nacho tangu kinapoingia hadi kinapotoka, na kila kituo uliza maswali mawili tu: hapa kimebadilika nini, na kisipopita hapa itakuwaje? Majina ya viungo yatakuja yenyewe njiani. Ukianza na majina, safari haifiki.

Kabla hujaingia darasani

Panga mfuatano. Mimi hupendelea kuanza na chakula, kisha damu, kisha hewa, kisha figo. Chakula kilichomeng'enywa lazima kiingie kwenye damu, kwa hiyo damu inadai kufundishwa. Damu inafika kwenye seli na chakula, lakini bila oksijeni chakula hakitoi nguvu ya kutosha, kwa hiyo mapafu yanadai kufundishwa. Seli zikishatumia zinabaki na taka, na hapo figo linaingia. Muhtasari wako ukipanga mada kwa namna nyingine, ufuate, ila kila mada mpya ianze kwa kuuliza mada iliyopita iliishia wapi.

Omba vipindi viwili mfululizo kwa masomo ya vitendo. Dakika arobaini hazitoshi kupasua moyo, kunawa mikono na kuandika.

Zungumza na mkuu wa shule mapema kwamba utaleta viungo vya mnyama. Tumia mbuzi au ng'ombe aliyechinjwa machinjioni na kukaguliwa na afisa mifugo. Huku kwetu hakuna haja ya kumtia mwanafunzi yeyote katika mtihani wa imani. Mwezi wa Ramadhani, ahirisha jaribio la mate na zoezi la kurukaruka. Hata kama mwanafunzi aliyefunga atasema hakuna tatizo, kiu ya saa nane mchana Lindi si ya kuchezea.

Kuhusu lugha: mtihani wa taifa wa Baiolojia unakuja kwa Kiingereza, na mwanafunzi lazima ayamiliki maneno yake. Eleza safari kwanza kwa Kiswahili mpaka waelewe, halafu andika ubaoni maneno ya mtihani, halafu mwanafunzi asimame aisimulie safari ileile kwa maneno hayo. Usiruke hatua ya mwisho. Mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili na kuishia hapo anawafurahisha wanafunzi hadi mwezi wa mtihani.

Chakula: uji wa muhogo na mate

Tuanze na jaribio linalofanya kazi kila mara likifanywa kwa uangalifu. Unahitaji unga wa muhogo (wa makopa unafaa kabisa), iodini ya duka la dawa, vikombe vitatu, sahani nyeupe na vijiti.

Chemsha kijiko kimoja cha chai cha unga katika kikombe cha maji hadi uji uwe mwembamba na unaong'aa. Uache upoe mpaka ukiuweka juu ya kiganja usihisi moto wala baridi. Punguza iodini kwa maji mpaka ifikie rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Ikiwa nzito itatia rangi kila kitu na hutaona mabadiliko.

Mwanafunzi mmoja wa kila kundi asukutue mdomo kwa maji safi, kisha ateme mate kijiko kimoja kwenye kikombe. Mate yasipotoka, mnusishe embe bichi lenye chumvi na pilipili. Anuse tu, asile. Embe na ndimu zina vitamini C, na vitamini C hufuta rangi ya iodini, kwa hiyo utapata jibu la uongo na darasa zima litakuamini. Mate ya mwanafunzi ayashike mwenyewe, asishike ya mwenzake.

Kikombe A kina uji na maji kidogo. Kikombe B kina uji na mate. Kikombe C kina uji na mate yaliyochemshwa kisha yakapozwa. Viweke vyote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kila baada ya dakika mbili, chota tone kutoka kila kikombe kwa kijiti chake, liweke kwenye sahani, dondoshea iodini.

Mwanzoni yote matatu yatageuka bluu iliyokaribia weusi, kwa sababu kuna wanga. Baada ya muda tone la B litaanza kuwa la zambarau, kisha litabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. A na C zitaendelea kuwa nyeusi. Sasa nyamaza, waache wabishane. Watasema mate "yameosha" wanga. Waulize: mbona ya C hayakuosha? Hapo ndipo kimeng'enya kinapozaliwa kichwani mwa mwanafunzi: kitu kilichomo kwenye mate, kinachovunja wanga kuwa sukari, na kinachoharibiwa na moto. Hutasahihisha tena jibu linalosema vimeng'enya "vinakufa". Sema vinaharibika umbo, kwa sababu havikuwa hai.

B ikikataa kubadilika, sababu ni uji mzito, uji wa moto, au mate machache.

Baada ya hapo safari iendelee: umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Pima kamba ya mita 6 kwa utumbo mwembamba na mita 1.5 kwa utumbo mpana, waishike wakizunguka darasa. Uliza kwa nini njia iwe ndefu hivyo ndani ya mtu asiyefika mita 2. Mrefu zaidi maana yake muda zaidi na ukuta zaidi wa kufyonza, na juu ya ukuta huo kuna vinyweleo vidogo vinavyoongeza eneo hata zaidi.

Onyo moja: usilete tumbo la mbuzi kufundishia tumbo la mtu. Mbuzi na ng'ombe wana tumbo lenye sehemu nne, mtu ana moja. Ukilazimisha, utawafundisha wanafunzi kucheua.

Ini litaje hapa hapa. Lina uzito wa takriban kilo 1.5 kwa mtu mzima, liko kulia chini ya mbavu, na damu inayotoka utumboni na mzigo wa chakula hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Msimu wa mabibo ukifika, wanafunzi wako wanajua uraka, pombe ya mabibo, unavyopikwa na nani anaunywa. Waulize: pombe ikifyonzwa, kiungo gani kinapokea mzigo mkubwa wa kwanza? Hakuna haja ya mahubiri. Njia ya damu inajibu.

Damu: kupasua moyo

Hili ndilo somo ambalo nisingekubali lifundishwe ubaoni peke yake, hata kwa shule isiyo na shilingi.

Nenda machinjioni au kwa mwenye bucha siku moja kabla. Mwambie unataka moyo wa mbuzi ambao mishipa ya juu haijakatwa karibu. Akiuacha na bomba la hewa na mapafu kwa pamoja, bora zaidi. Usipomwambia, atakusafishia vizuri na kukupa nyama isiyo na mabomba. Moyo wa ng'ombe ni mkubwa na unaonekana hata kwa aliyekaa nyuma, lakini mkaguzi wa nyama huweza kuwa ameukata akitafuta viluwiluwi vya tegu. Kwa joto letu, nunua asubuhi, fundisha kabla ya saa sita. Moyo wa jana bila barafu ni harufu tupu.

Tandika jani la mgomba juu ya meza. Weka ndoo ya maji, sabuni, glavu na kisu kikali kimoja, ambacho unakishika wewe. Darasa likiwa kubwa, gawa vituo: kundi moja linakuja kwenye moyo, mengine yanapima mapigo na kuchora, kisha yanabadilishana.

Kwanza, waubonyeze kwa vidole kabla ya kukata. Upande mmoja ni laini, mwingine ni mgumu. Mgumu ni wa kushoto. Waambie wasiandike bado. Wajiulize ugumu huo ni wa nini.

Pili, tafuta mshipa mkubwa wenye ukuta mnene usiolala chini: ndio aota. Ushike wima na umimine maji ndani yake taratibu. Maji yatasimama. Vali iliyo chini imeyazuia. Tazama vizuri, maji yatavuja kidogo kupitia matundu mawili madogo juu tu ya vali hiyo. Matundu hayo ndiyo mwanzo wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Ikizibwa, sehemu ya misuli ya moyo inakosa oksijeni na kufa, ingawa moyo umejaa damu ndani. Jambo hili huamsha hata waliolala.

Tatu, kata ukuta wa ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto kutoka katikati hadi kwenye ncha, kisha rudi juu kupita kwenye atiria (chumba cha juu). Fungua. Osha damu iliyoganda. Fanya hivyo hivyo upande wa kulia. Sasa kata vipande viwili vidogo, kimoja kutoka kila ukuta, uviweke sambamba juu ya rula. Wasome unene wenyewe. Kisha uliza: upande wa kulia unapeleka damu wapi? Mapafuni, jirani tu. Wa kushoto? Mpaka kidole cha mguu na juu ya kichwa. Lile swali la dari limepata jibu, na jibu limetoka mikononi mwao.

Nne, onyesha nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali kati ya atiria na ventrikali. Vuta uzi mmoja, vali inasogea. Nyuzi hizi hazifungui vali, kinyume na wengi wanavyoandika kwenye mtihani. Kazi yake ni kuizuia isipinduke kuelekea atiria ventrikali inapobana.

Tano, wape kazi ya upelelezi. Galen, tabibu wa karne ya 2 ambaye maandishi yake yalitawala elimu ya tiba kwa zaidi ya miaka 1,000, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka ventrikali ya kulia kwenda ya kushoto kupitia vitundu kwenye ukuta wa katikati. Waambie wavitafute vitundu hivyo. Waukunje ukuta, waumulike tochi ya simu. Hawatavipata. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta huo hauna njia, na damu lazima izunguke kupitia mapafu. Baadaye, mwaka 1628, William Harvey wa Uingereza alitoa hoja kwamba damu yote inazunguka na kurudi, na moja ya silaha zake ilikuwa hesabu ya kawaida tu.

Hesabu hiyo ifanyeni. Kila mwanafunzi apime mapigo yake mkononi kwa vidole viwili, asitumie gumba kwa kuwa lina mapigo yake. Ahesabu kwa sekunde 30, azidishe kwa 2. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Moyo hutoa takriban mililita 70 kwa pigo. Kwa mapigo 70, hiyo ni mililita 4,900 kila dakika, karibu lita 5; na mwili mzima wa mtu mzima una damu ya takriban lita hizo hizo 5. Haiwezekani mwili uwe unatengeneza damu mpya lita 5 kila dakika kutokana na ugali. Kwa hiyo ni ileile, inazunguka.

Kisha waruke dakika moja, wapime tena kila dakika mpaka mapigo yarudi, wachore grafu. Mwanafunzi mwenye selimundu, pumu au tatizo la moyo awe mwandishi wa matokeo, na umpe kazi hiyo bila kumtangaza. Selimundu ni ugonjwa ulioenea Tanzania, na katika darasa kubwa ni rahisi kuwepo mwenye nao. Ukifundisha seli nyekundu, eleza kwamba umbo la mundu linazifanya zikwame kwenye mishipa midogo, ndiyo maana maumivu. Usimfanye yeye kuwa kielelezo.

Mwisho wa kipindi mabaki yafukiwe. Lazima atakuwepo mmoja wa kuuliza, "Ticha, si tuchome mishikaki?" Hapana. Nyama iliyoshikwa na watu sitini si kitoweo.

Hewa: mapupu, chokaa na salfa

Mapupu ya mbuzi yakija na bomba lake la hewa, ingiza mpira wa pampu ya baiskeli kwenye bomba, shikilia kwa nguvu, pampu polepole. Yatavimba na kupauka rangi, kisha yatanywea yenyewe ukiachia. Usipulize kwa mdomo, hata wanafunzi wakikushangilia. Kata kipande kidogo, kitupe kwenye maji: kinaelea, ilhali kipande cha moyo kinazama. Hakuna maelezo ya vifuko vya hewa yatakayoshinda hilo.

Sasa uliza nani anayavuta mapafu. Yenyewe hayana misuli ya kujitanua. Kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, kinashuka, mbavu zinapanda, nafasi ya kifua inaongezeka, msukumo wa hewa ndani unapungua, hewa ya nje inaingia. Mfano wa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, puto ndani na puto lingine limefungwa chini unaonyesha hilo vizuri. Waulize mfano unadanganya wapi: chupa haitanuki kama mbavu, na puto halijazi chupa wakati mapafu yanakaa yakigusana na ukuta wa kifua.

Jaribio la pili ni la maji ya chokaa. Mwalimu ayaandae mwenyewe, macho yakilindwa: vijiko viwili vya chokaa mpya ya kupaka nyumba kwenye lita 1 ya maji, tikisa, acha usiku kucha, chota maji angavu ya juu. Chokaa iliyokaa wazi miezi imeshakula kaboni dayoksaidi ya hewani na haitafanya kazi, kwa hiyo jaribu nyumbani kwanza. Chupa moja mwanafunzi apulize kwa mrija. Nyingine isukumiwe hewa ya kawaida kwa pampu ya baiskeli kwa muda uleule. Ya kwanza itakuwa nyeupe mapema. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na kaboni dayoksaidi asilimia 0.04 hivi, tunayotoa ina karibu asilimia 16 na asilimia 4. Sisitiza kwamba tunatoa bado oksijeni nyingi. Wanafunzi wengi wanaamini pumzi inayotoka ni kaboni dayoksaidi tupu. Mwonye kila anayeshika mrija: kupuliza tu, kutovuta.

Kuanzia mwezi wa sita, mashamba ya mikorosho yanapulizwa salfa ya unga kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga, na vijana wako wengi wanakwenda kusaidia. Hapo una somo zima: nywele za pua, ute, vinywele vidogo vinavyosukuma ute kwenda juu, kikohozi. Waulize vumbi linalokamatwa puani lina tofauti gani na lile dogo linalofika ndani. Waambie wavae barakoa na miwani, na sababu wataitoa wao.

Figo

Hapa inatosha namba moja ikionyeshwa kwa ndoo. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, na mkojo ni lita 1 hadi 2 tu. Panga ndoo 9 tupu za lita 20 mbele ya darasa, na pembeni chupa moja ya lita 1.5. Ndoo ziwe tupu. Kule juu Newala kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa shida vizazi na vizazi, ukimwaga maji kwa ajili ya mfano utaitwa kwenye kikao cha wazazi. Swali: maji ya ndoo hizo yamekwenda wapi? Yamerudishwa kwenye damu. Mwanafunzi akielewa kwamba figo huchuja karibu kila kitu halafu linachagua cha kurudisha, amemaliza nusu ya mada. Figo la mbuzi likatwe kwa urefu, waone tabaka la nje na la ndani, yatosha.

Limfu, mfumo unaorukwa

Walimu wengi huupa mfumo wa limfu dakika tano. Kwa mikoa yetu hiyo ni hasara, kwa sababu pwani ya Lindi na Mtwara watu wanayafahamu matende na mabusha kwa kuyaona.

Anza na mshipa mdogo wa damu: majimaji yanavuja kutoka kapilari kwenda kuzunguka seli, mengi yanarudi, kiasi kinabaki. Kinachobaki kinakusanywa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye vena karibu na shingo. Sasa uliza: njia hiyo ikiziba mguuni? Wataona mguu uliovimba bila wewe kuutaja.

Kinachoziba ni minyoo midogo ya filaria inayoletwa na mbu. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka. Watoto wao huzunguka kwenye damu hasa usiku, ndiyo maana wapimaji waliozoea kazi hii hutoa damu usiku. Kwa hiyo vidonge vya kingatiba vinavyogawiwa kwa jamii nzima vina maana hata kwa asiyeumwa: vinapunguza vitoto vya minyoo kwenye damu, mbu akimng'ata asipate cha kubeba. Mabusha yanatibika kwa upasuaji. Kuna mwanafunzi ambaye babu yake au baba yake anaishi na hali hii. Kicheko cha kwanza kikitokea, kikate hapo hapo.

Mifupa na ngozi

Chukua mifupa miwili ya mguu wa kuku, safi. Mmoja uutumbukize kwenye siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki; utapinda bila kuvunjika, kwa sababu asidi imeyeyusha madini na kuacha protini. Mwingine uchome kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mweupe; utavunjika vipande ukiuminya, kwa sababu protini imeungua na madini yamebaki. Mfupa mzima unahitaji vyote viwili.

Kwa darasa la mkoa wa Lindi usiache kutaja Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, na mmoja wao, Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Waulize kwa nini mifupa ndiyo iliyobaki na moyo wake haukubaki. Wameshaona kwenye mfupa uliochomwa jibu liko wapi. Walioko Newala wana historia nyingine: chikungunya, ugonjwa unaokamata viungo kwa maumivu makali, ulitambuliwa kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda huohuo wa Makonde. Ufundishe pamoja na sehemu za kiungo cha goti: gegedu, majimaji ya kulainisha, kano.

Ngozi ifundishe kwa korosho. Kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya ganda yanavyochubua vidole. Tabaka la nje la ngozi limekufa na linajing'oa. Lililo chini linaishi na linaumia. Mengine ya ngozi, jasho na joto, darasa la saa saba mchana linajifundisha lenyewe.

Neva kwa rula

Mwanafunzi mmoja aachie rula wima, mwingine aidake kati ya vidole. Ikianguka sentimita 20 kabla ya kudakwa, muda ni takriban sekunde 0.2, sentimita 5 ni sekunde 0.1. Wafuate taarifa: jicho, neva, ubongo, ugwe mgongo, neva, msuli. Kisha walinganishe na mkono ulioguswa na sufuria ya moto, ambapo amri inatoka kwenye ugwe mgongo kabla ubongo haujajua.

Uzazi

Wengi wa wanafunzi wako, Wamakonde, Wamakua, Wayao au Wamwera, wameshapita jandoni au wamechezwa unyago. Wamefundishwa mambo, na baadhi wameapa kutoyasema. Usiulize waliambiwa nini na usidharau kungwi. Wewe fundisha kile ambacho ni chako: seli, homoni, mzunguko, kurithi.

Weka sanduku la maswali mlangoni siku tatu kabla, lisilo na majina. Utapata maswali ambayo hakuna mkono ungenyooshwa kuyauliza. Kama kuna mwalimu wa kike, mwombe awe nawe kipindi cha hedhi, ila wavulana wabaki. Kaka asiyejua hedhi ndiye anayemcheka dada yake.

Jambo moja linafundishwa vibaya mahali pengi: kwamba yai linatoka siku ya 14. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wa siku 28 hesabu hizo zinakutana. Kwa mzunguko wa siku 35 yai hutoka karibu siku ya 21. Waandikie mizunguko mitatu tofauti wakokotoe. Waambie pia kwamba mizunguko ya wasichana wadogo hubadilikabadilika, kwa hiyo hesabu hiyo si kinga ya mimba. Na jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba, ikiwa imebeba X au Y. Andika hilo ubaoni kwa herufi kubwa, maana kuna mama anayelaumiwa kijijini kwa kuzaa wasichana watupu.

Kupima kama wameelewa

Punguza maswali ya "taja". Mpe mwanafunzi tembe ya dawa ya kichwa iliyomezwa na mtoto wa Masasi, aifuate mpaka kichwani, akitaja kila kituo. Jibu kamili litapita tumbo, utumbo mwembamba, vena inayopeleka damu ya utumboni kwenye ini, ini, vena ya ini, vena kuu, upande wa kulia wa moyo, mapafu, upande wa kushoto, aota, kisha mshipa wa shingo. Anayetoka utumboni moja kwa moja hadi kichwani hajaelewa, hata kama mchoro wake wa moyo ni mzuri. Anayesahau mapafu yuko karibu. Mrudishe kwenye ukuta wa katikati ya moyo, akatafute kitundu.

Swali la pili: kwa nini mtoto aliyezaliwa na tundu kati ya ventrikali mbili huchoka haraka? Kubali majibu ya namna mbili, yule anayesema damu iliyotoka mapafuni inarudishwa tena mapafuni bila kufika mwilini, na yule anayesema moyo unafanya kazi mara mbili. Anayeandika tu "damu inachanganyika" mpe alama nusu na umwandikie pembeni: inatoka upande gani kwenda upande gani, na nani anaisukuma?